Nywele za Dawa Samburu: Vile Zitalala, Zing'ae na Zicheze na Upepo Bila Kukatika

Kabla hujaniuliza, hapana, si ile Samburu ya Maralal ya mamorani wa nywele za kupaka udongo mwekundu. Naongea kuhusu Samburu yetu ya Kwale, hapa Kinango, ukitoka Mombasa unapita Mariakani, unashuka kabla ya Taru. Senta ya barabarani, malori usiku na mchana, jua la kuchoma mpaka kivuli, vumbi kila mahali, na maji ndio story ya kila nyumba.

Sasa wewe chukua nywele ya dawa uilete hapo. Umetoka saluni Jumamosi, inateremka mabegani, ukigeuka inarushika kama ya mtu wa tangazo. Jumatano imekuwa kama ufagio wa njukuti. Unaanza kulaumu dawa, unalaumu aliyekutengeneza, unalaumu mpaka macho ya watu. Maze, mara nyingi si macho ya watu. Ni maji, ni joto, na ni vile ulitiwa dawa siku ya kwanza.

Twende pole pole. Mimi college niliachana nayo mapema, lakini hii kemia niliishika vizuri kwa sababu ilitupata nyumbani.

Unywele wako umeshikwa na vifungo ndani. Hivyo vifungo ndio vinafanya ujikunje. Dawa inaingia, inavikata, halafu unywele unapoteza ile nguvu ya kujikunja. Zile dawa kali za saluni, kitu kinachofanya kazi ndani ni sodium hydroxide. Ukiwa umewahi kuona watu wakipika sabuni mtaani, hiyo ndiyo kostiki soda wanayotumia, na ndiyo hiyo hiyo inazibua mifereji. Kuna filamu ya Chris Rock ya 2009, inaitwa Good Hair, mle ndani wanaweka makopo ya soda kwa hicho kitu na makopo yanayeyuka. Makopo, si karatasi. Sasa wewe uko pale unachezea simu na kitu hicho kiko kichwani, unaambiwa vumilia kidogo ishike. Usivumilie! Ikianza kuwasha kama pilipili, sema ioshwe saa hiyo hiyo. Kuungua si dalili kwamba nywele itanyooka zaidi. Ni ngozi inaungua, basi.

Binamu yangu alivumilia. Alikuwa ameitwa hoteli moja Diani kwa intavyuu ya kazi ya mapokezi, akataka aende na kichwa kimetulia. Akaenda kwa saluni moja huku kwetu, sitaitaja. Dawa imeshapakwa kichwa chote, wakati wa kuosha, mtungi umeisha. Si utani. Mfereji mkavu, na aliyetumwa maji hajarudi. Ikabidi mama wa chai jirani atoe maji yake ya kupikia ndio wakamalizia, na bado haikutoka yote. Wiki mbili baadaye nywele ya kisogoni ilikuwa inabaki kwa kitana, na nyuma ya sikio alikuwa na kidonda. Intavyuu alienda na kitambaa kichwani. Kazi alipata, alhamdulillah, lakini ile sehemu ya kisogoni ilichukua karibu mwaka kurudi.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ya Samburu haiko kwenye pakiti: kama maji hayapo, dawa haitiwi. Ingia saluni, angalia mitungi kwanza kabla ya kuangalia bei. Kichwa kimoja kinataka mitungi miwili ya lita 20 ikiwa imejaa, iko pale, unaiona kwa macho. Na usijikune wala usioshe nywele siku mbili tatu kabla, ngozi iwe na mafuta yake. Pakwa Vaseline ukingoni mwa uso, masikioni na kisogoni. Dakika ni zile zimeandikwa kwa pakiti, na huwa hazifiki 20. Usiongeze hata moja.

Baada ya kuosha kuna ile shampuu ya kuua dawa, nyutralaiza. Watu huipitisha mara moja wakaona inatosha. Zii. Nyingi zimetengenezwa zibadilike rangi: povu likiwa la pinki, dawa bado imo, likiwa jeupe kabisa, imetoka. Kama ni aina hiyo, kaa hapo hapo mpaka povu liwe jeupe, hata kama wamekuambia kuna mteja anangoja. Dawa iliyobaki inaendelea kula unywele ukiwa umeshalala nyumbani.

Haya, tuje kwa ulaini, maana najua ndio umekujia.

Maji yetu ya visima huku ni ya chumvi chumvi, yana chokaa. Ukiosha nywele nayo, ile chokaa inabaki juu ya unywele kama vile inabaki ndani ya sufuria ya chai. Na kama ulitiwa zile dawa za kuchanganya, zile zinazouzwa kwa boksi zikiwa na krimu na chupa ndogo ya maji maji, hizo zenyewe zina kalsiamu na huacha chokaa yake pia. Zinaonewa huruma na ngozi, ndio, lakini nywele inakuwa kavu na inakosa mng'ao. Chokaa juu ya chokaa. Unaongeza mafuta, yanakaa juu tu, vumbi la barabara linashika, kichwa kinakuwa tope. Ushawahi kujiuliza mbona unapaka mafuta kila asubuhi na bado nywele inalia kavu? Ndio hiyo.

Dawa yake ni rahisi sana. Maji ya mvua, yakipatikana, yaweke kando kwa ajili ya suuza ya mwisho, hata jagi mbili tu. Yasipopatikana, chukua siki nyeupe ya dukani, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji, mimina mwisho kabisa baada ya shampuu, kaa dakika moja hivi, suuza. Unywele hupenda kitu chenye uchachu kidogo, unafunga magamba yake, unalala, unang'aa. Harufu itaisha ikikauka, usiogope. Lakini kama kichwa kina kidonda, wacha siki kabisa.

Halafu mafuta ya nazi. Watu wa Msambweni na Diani hawahitaji kufundishwa, lakini wengi wetu tunayatumia saa mbaya. Tunapaka baada ya kuosha, mengi, mpaka mto unaloa. Wanasayansi wa India walijaribu mwaka 2003, wakalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na ni ya nazi tu yaliyopunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele. Kwa hivyo yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha, hasa kwa ncha, funga kichwa, lala. Asubuhi osha. Baada ya hapo matone mawili matatu yanatosha. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivi kabla ya hao wa maabara, lakini sawa.

Sasa kuseti. Hapa ndipo nywele inapata ule mtiririko, na hapa ndipo madem wengi wanakimbilia pasi ya umeme kila asubuhi. Acha nikwambie, nywele ya dawa tayari imeshakatwa vifungo, haina haja ya kuchomwa kila siku. Rola ndio mwenye kazi. Nywele ikiwa bado imelowa kabisa, si nusu kavu, gawanya mafungu membamba, fungu lisizidi upana wa rola. Chana mpaka ncha ilainike, vuta kuelekea juu, ncha iingie ikiwa imenyooka, maana ikijikunja ndani itatoka hivyo hivyo. Ukitaka mawimbi madogo tumia rola ndogo. Ukitaka iteremke na ijae, chukua zile kubwa. Ingia kwenye draya mpaka ikauke kabisa, halafu ngoja ipoe kabla ya kufungua. Hapo kwa kupoa ndipo watu wanafeli. Ukifungua ikiwa moto au na unyevu kidogo, ukifika stage ya matatu imeshafura.

Stima ikipotea? Tuko Samburu, jua tunalo la kugawa. Kaa kivulini na rola zako, upepo upite, usikae kwenye jua kali moja kwa moja. Itachukua mchana mzima, ndio, fanya siku ya mapumziko.

Ukishafungua, fanya ile ya kuzungusha: chana nywele zote zizunguke kichwa kama kilemba, bana na vibanio, funga kitambaa robo saa. Fungua, chana kwa kitana cha meno mapana. Hapo ukitikisa kichwa inarushika. Kila usiku rudia hivyo. Na kitambaa kiwe cha satini, si leso. Leso yetu ni ya pamba, inanyonya mafuta na inasugua ncha. Huhitaji kununua cha bei, bitana ya gauni la mtumba inafanya kazi hiyo hiyo. Wale wa hijabu, msifunge nywele ikiwa mbichi. Inanuka na inakatika kwa mashina.

Ukiteremka Diani mambo yanabadilika kidogo. Huku kwetu hewa ni kavu, nywele inakatika. Ukivuka Likoni hewa ina maji, nywele inafura kwa mashina. Ukienda kuogelea, lowesha nywele kwanza na maji matamu na upake mafuta ya nazi, ili isinywe maji ya chumvi mengi. Ukitoka, suuza hapo hapo. Usingoje ufike nyumbani.

Na pasi, kama ni lazima, iwe kwa nywele kavu na safi, isizidi nyuzi 180, pitisha mara moja. Ukisikia tsss, huo si mvuke wa urembo, ni unywele wako unapikwa.

Kuna jambo la mwisho, na hili si la urembo. Oktoba 2022 huko Marekani walitoa utafiti uliofuata wanawake 33,497. Wale waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi. Kwa hesabu yao, ukifika miaka 70, ni kama asilimia 1.64 kwa ambaye hajawahi kutumia, na asilimia 4.05 kwa anayetumia sana. Haisemi ukitia dawa utaugua, na haijathibitisha kwamba ni dawa yenyewe iliyosababisha. Lakini sasa piga hesabu yako: ukiritachi kila wiki 8, hiyo ni mara 6 kwa mwaka. Ukisubiri wiki 13, ni 4. Nywele inaota karibu sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hivyo kwa wiki 13 una kama vidole viwili vya mashina mapya, na rola zinaweza kuyaficha.

Na ukiritachi, dawa iguse hayo mashina mapya peke yake. Ile iliyonyooka kitambo ipake kondishna nzito iikinge. Binamu yangu siku hizi ndiye anayesimama nyuma ya aliyemtengeneza na kioo cha mkononi, anahesabu mitungi kwanza, halafu dakika.