Joto la Kaskazi: Waangalie Wasioweza Kuomba Maji

Kuanzia Desemba hadi Machi pwani yetu hupepewa na kaskazi, na kila mwaka Februari na Machi ndiyo miezi inayotuchoma zaidi. Kufikia Machi kaskazi yenyewe huwa imechoka, kusi haijaingia, upepo umetulia na masika bado. Mkaazi wa Kilifi hahitaji kuambiwa kwamba kuna joto. Kinachofaa kuelezwa ni kwa nini joto hili huwadhuru wengine na kuwaacha wengine, na kwa nini anayedhurika mara nyingi ni yule ambaye hakusema lolote.

Mtu mzima mwenye afya akiona joto husogea kivulini, huvua shati, huteka maji akanywa. Mtoto mchanga hawezi. Bibi aliyelala kitandani kwa kiharusi hawezi. Mbwa aliyefungwa mnyororo getini hawezi, wala kuku walio ndani ya banda la mabati. Hawa wote hutegemea mtu mwingine awakumbuke, na makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo mtu mwingine.

JASHO LISILOKAUKA

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki kwenye nyuzijoto 37 hivi. Ukipata joto hutoa jasho, na jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Muhimu hapa ni kukauka. Jasho linalotiririka hadi visiginoni halijapoza chochote. Garissa na Turkana joto hupanda kuliko kwetu, lakini hewa yao ni kavu na jasho hukauka upesi. Kwetu hewa imejaa mvuke wa bahari na haina nafasi ya kupokea mwingine. Ndiyo maana utabiri ukitaja nyuzijoto 33, na unyevu hewani ukiwa asilimia 65, mwili huhisi kama uko kwenye nyuzijoto 41 hivi. Tena kipimo hicho huchukuliwa kivulini. Aliye juani ajiongezee mwenyewe.

Kwa wenzetu wa Ganze, Bamba na sehemu za ndani za Magarini mambo ni tofauti kidogo. Mchana wao ni mkavu na mkali zaidi, kwa kuwa upepo wa bahari huwafikia ukiwa umechoka, lakini usiku hupata afueni. Mtwapa, Kilifi mjini na Malindi usiku ndio tatizo. Mwili uliobeba joto kutwa hutarajia kulitua usiku, na usiku usipopoa, siku ya tatu au ya nne ya mfululizo huo ndiyo humwangusha mzee ambaye siku ya kwanza alionekana mzima.

Nyumba zetu nazo zinachangia. Mabati hupata moto mapema na kuushusha ndani. Kuta za mawe hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku. Waliojenga kwa makuti walijua walichokifanya, ingawa makuti nayo yana hatari yake ya moto. Mwenye mabati anaweza kuweka dari, hata ya mbao nyepesi, au kuyapaka rangi nyeupe ili yarudishe sehemu ya jua. Asiye na uwezo huo ateremshe pazia upande wa jua mchana, kisha afungue madirisha alfajiri na jioni hewa inapopita. Mapishi ya muda mrefu yafanywe asubuhi, na nje ikiwezekana. Na mwenye nafasi ya uani apande mti. Mwarobaini, ambao pia huitwa mkilifi, hustahimili ukame wetu na kivuli chake ni kizuri.

Feni haipozi hewa. Hupoza ngozi, na huipoza vizuri zaidi ikiwa ngozi ina maji. Leso iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikitandazwa kifuani na miguuni, mbele ya feni au dirisha lililo wazi, hufanya kazi ambayo jasho letu la pwani limeshindwa kuifanya. Stima ikipotea, upepo wa ukindu unatosha. Lakini tafadhali usiondoe neti kwa sababu ya joto. Ni kweli inapunguza upepo, ila miezi hii mbu hawajahama, na malaria juu ya joto ni balaa mbili kwa mtoto mmoja. Afadhali usogeze kitanda karibu na dirisha.

MTOTO, MZEE NA MGONJWA

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji, hata siku ya joto kali. Maziwa ya mama yanamtosha kwa chakula na kwa kiu. Anachohitaji ni kunyonya mara nyingi zaidi, na mama naye kunywa maji zaidi. Kosa la kawaida ni kumfunika. Mtoto aliyebebwa mgongoni amevalishwa sweta, soksi na kofia ya sufi, kisha akafungwa leso mbili juu yake, hana pa kutolea joto. Mvalishe kipande kimoja chepesi cha pamba. Ukiona nepi imebaki kavu kwa saa 6 au zaidi, utosi umebonyea, analia bila machozi au amelegea na kukataa kunyonya, usisubiri kesho. Nenda zahanati.

Kwa mzee shida ni nyingine: umri hupunguza hisia ya kiu. Ukimuuliza kama anataka maji atasema hataki, na anasema kweli. Kwa hiyo usimuulize, mpelekee kikombe na ukae naye hadi amalize. Dawa fulani za presha huongeza mkojo, na mwili wa anayezitumia hukauka haraka zaidi. Asiziache, bali azungumze na kliniki yake kuhusu msimu huu. Mwenye kisukari akumbuke kwamba insulini huharibika kwa joto. Asiye na friji aweke kichupa ndani ya mkebe unaofungwa vizuri, kisha mkebe ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo, mahali penye kivuli. Mtungi wa udongo hutoa jasho kama sisi, na kwa njia hiyohiyo hubaki na ubaridi.

Kwa miaka hii mwezi wa Ramadhani unaangukia ndani ya kaskazi. Anayefunga agawanye maji kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo, na kazi ngumu ifanywe mapema asubuhi. Mgonjwa na mama mjamzito au anayenyonyesha wanayo ruhusa inayojulikana ya kutofunga wanapohofia madhara, na hili ni jambo la kuzungumza na daktari na imamu kabla ya mwezi kuandama.

Wapo pia wazima wasio na uhuru wa kusogea kivulini. Wafanyakazi wa mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni hupigwa na jua kutoka juu na tena kutoka chini, kwa kuwa chumvi nyeupe hulirudisha. Wachimba mawe timboni wako vivyo hivyo. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya juani, kwa hiyo mwajiri anayempa mgeni au aliyetoka likizo ndefu zamu kamili siku ya kwanza anamweka hatarini. Maji, kivuli na mapumziko ya saa sita hadi saa tisa si fadhila. Hata kwa hesabu ya mwajiri, mfanyakazi aliyeanguka ni hasara.

Kuhusu cha kunywa, maji safi ndiyo ya kwanza, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, hasa pale tunapotegemea boza na visima. Mkojo ukiwa na rangi hafifu unakunywa vya kutosha. Ukiwa kama chai ya rangi umechelewa. Madafu ni mazuri, ila mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza. Pombe hukausha mwili. Aliyetoka jasho jingi au anayeharisha anahitaji pia chumvi na sukari: pakiti ya ORS kutoka zahanati, au lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa juu. Usizidishe chumvi kwa nia njema.

AKIANGUKA

Mtu anayeumwa kichwa, anayesikia kizunguzungu na kichefuchefu, misuli ikimkaza na jasho likimtoka jingi, amechoshwa na joto. Mpeleke kivulini, mlaze, mpe maji kidogo kidogo, na mara nyingi ndani ya nusu saa atapata nafuu. Mpaka unaotenganisha hali hii na ile inayoua ni akili. Akianza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba, kutowatambua watu, kupata degedege au kuzimia, joto la mwili wake huenda limefika nyuzijoto 40 au kupita, na ubongo unaungua. Ngozi inaweza kuwa kavu, inaweza pia kuwa na jasho. Usingoje ikauke ndipo uamini.

Hapo mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Anayeweza kupiga simu ya gari apige huku wengine wakipoza. Mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa chochote kilichopo, uendelee hivyo hata ndani ya tuktuk mkielekea hospitali. Maji ya mtungini yanatosha, usipoteze muda kutafuta barafu. Usimnyweshe chochote asiyejitambua, mlaze ubavu. Panado haisaidii, kwa sababu joto hili si homa ya ugonjwa. Mtoto akipata degedege usimtie kijiko mdomoni. Wako wanaoiita nyuni na kuanza safari ya kumtafuta mganga, na saa zinazopotea hapo ndizo hospitali ingezitumia. Iwe ni joto au malaria, mpimaji ndiye atakayejua.

Neno moja kwa wenye magari. Gari lililoegeshwa juani huongeza takriban nyuzijoto 10 ndani ya dakika 10 za kwanza, na dirisha lililoachwa wazi kidogo halibadilishi mengi. Nje kukiwa na nyuzijoto 32, ndani huwa zaidi ya 40 kabla hujafika kwenye foleni ya kulipia dukani. Mtoto au mbwa hashiki zamu ya kulinda gari.

WALIO UANI

Mbwa hana jasho la kumfaa, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hupoa kwa kuhema. Mnyororo wake ukiwa mfupi na kivuli kikahama saa nane, amenaswa. Mfunge mahali ambapo kivuli kinakaa siku nzima, weka karai zito la maji asilolipindua, na ulibadilishe maji mchana kwa sababu maji ya moto hatayanywa. Matembezi yawe alfajiri. Weka kiganja juu ya lami kwa sekunde 5. Ukishindwa kuvumilia, yeye pia ataungua. Akihema bila kukoma, mate yakawa mazito, ufizi ukawa mwekundu sana na akaanza kuyumba, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, acha anywe mwenyewe bila kumlazimisha, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Paka hujitafutia sakafu ya saruji na huhitaji msaada mdogo, lakini paka anayehema mdomo wazi ana shida kubwa.

Tahadhari: mbwa usiyemjua anayetokwa na mate na kuyumba njiani usimguse ukidhani ni joto. Kichaa cha mbwa huonekana vivyo hivyo. Waondoe watoto na umjulishe ofisa wa mifugo wa wadi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuku ndio hufa wengi kwa pamoja. Hawatoi jasho, hutanua mbawa na kuhema, na banda la mabati lisilo na madirisha mapana huwa tanuri kufikia saa saba. Tandaza makuti juu ya mabati, acha pande mbili ziwe za waya, wapunguze idadi, na uwalishe asubuhi na jioni, kwa sababu kusaga chakula nako huzalisha joto. Mayai yatapungua msimu huu hata ukifanya yote sawasawa. Anayepeleka kuku sokoni Mariakani au Malindi asiwaning'inize kichwa chini kwenye bodaboda saa sita mchana. Asafiri nao kabla ya jua kukaza.

Ng'ombe wa maziwa wenye damu ya kizungu huumia kuliko zebu wetu, na maziwa hushuka. Kivuli na maji yasiyokatika humfaa kuliko chakula cha ziada. Mbuzi hujimudu. Punda ndiye anayesahaulika zaidi: hubeba mitungi ya maji kutoka bwawani hadi nyumbani, mara tatu au nne kwa siku, naye mwenyewe huhitaji lita 20 hivi au zaidi. Apewe kinywaji chake bwawani kabla ya kupakiwa, tena akifika, na safari ya mchana iahirishwe hadi saa kumi. Ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe itakueleza mengine kulingana na wanyama ulio nao na mahali unapoishi.