Usingoje Kutapika Ndipo Umeze Tembe

Mgonjwa wa kansa hutundikiwa dawa asubuhi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na jioni akapanda matatu kurudi Kayole, Umoja au Dandora. Siku hiyo huenda asitapike hata mara moja. Siku ya tatu ndipo tumbo humchafuka, na tembe alizopewa bado zimo kwenye bahasha, akiziweka mpaka hali izidi.

Kosa hilo naliona mara nyingi hapa Eastlands. Tembe hizo ni za kuzuia. Kutapika kukishaanza, kukukomesha ni kazi kubwa, na wako wanaoacha matibabu kwa sababu hiyo tu, ilhali kansa yenyewe ilikuwa ikisikia dawa.

Dawa ya kansa hufanya utumbo utoe kemikali iitwayo serotonini, inayoamsha neva zinazopeleka habari kwenye ubongo. Ondansetron, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990, huziba njia hiyo. Lakini kutapika kwa siku ya pili hadi ya tano, hasa baada ya cisplatin inayotumiwa kutibu kansa ya mlango wa kizazi, hufuata njia nyingine. Ndiyo sababu daktari huongeza deksamethasoni. Imeze asubuhi baada ya kula, kwani ukiimeza usiku hutalala. Mwenye kisukari amwambie daktari mapema, maana hupandisha sukari. Na ukiandikiwa olanzapine, usishtuke kusikia kwamba hupewa wagonjwa wa akili. Kiasi kidogo wakati wa kulala hutuliza kichefuchefu vizuri sana.

Chakula kiwe kidogo kidogo, tena kilichopoa, kwa sababu mvuke hubeba harufu. Katika nyumba ya chumba kimoja, omena ikikaangwa mgonjwa hana pa kukimbilia: afadhali aketi nje kwanza. Mkate mkavu, viazi vya kuchemsha au uji mwepesi hukubalika. Chai ya tangawizi huwafaa wengine, ila haishiki nafasi ya tembe.

Maji yasipokaa tumboni siku nzima, mkojo ukipungua na kukolea rangi, au akitapika damu, mrudisheni hospitalini. Homa ya digrii 38 isingojewe hata kupambazuke, kwani dawa hizi hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi.

Na ikiwa ulitapika duru iliyopita, mwambie daktari kabla hujatundikiwa nyingine. Tembe zinaweza kubadilishwa.