Safari ya Kilomita 900 na Watoto Watatu: Tulichojifunza Njiani Mimi na Baba Watoto

Mwenzangu, kama na wewe umeshaanza kuhesabu siku za likizo ya mwezi wa sita na mumeo amekuambia "mwaka huu tunakwenda kijijini kwa gari letu", hebu kaa kitako tuongee. Mimi yamenikuta. Mara ya kwanza nilirudi Dar nimeapa kwamba sitorudia tena. Mara ya pili nilirudi nikiwa nampenda mume wangu kuliko nilivyoondoka. Barabara ilikuwa ile ile, na gari ni lile lile Noah letu. Tofauti ilikuwa kwenye mipango, na kwenye neno moja dogo ambalo wanaume wengi wakishika usukani huwa hawapendi kulitamka.

Kwetu ni Dar es Salaam, kwao mume wangu ni Tukuyu, Mbeya. Ni kama kilomita 900 kutoka mlangoni kwetu hadi kwa mama mkwe.

Ile safari ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, tulikuwa na watoto wawili, mmoja miaka mitano na mwingine miwili. Baba watoto alisema, "Tunatoka alfajiri, usiku tunalala kwa Mama." Alfajiri yenyewe ikawa saa mbili asubuhi, maana nilikuwa bado natafuta viatu vya mtoto. Foleni ya Kimara na Kibaha ikatula. Morogoro tukawanunulia watoto chipsi, mayai, soda na maziwa ya mgando, eti wasisumbue. Kabla hatujafika Mikumi vyote vilikuwa kwenye siti. Kitonga tulipanda jua likizama, tuko nyuma ya malori yanayojikokota kama kinyonga. Iringa tuliipita gizani.

Saa nne usiku, karibu na Mafinga, nikamwona mume wangu anatikisa kichwa, anafungua dirisha, anaongeza sauti ya redio. Nilijua kabisa ana usingizi. Nikanyamaza. Niliogopa ataona namdharau. Ghafla nikaona matawi ya miti barabarani, na mbele yake lori limeharibika, halina hata taa moja. Alikata usukani, gari likayumba, tukapona kwa kudra za Mungu tu. Tukalala kwenye nyumba ya wageni pale Mafinga bila kusemeshana. Watoto hawakujua kitu, walikuwa wamelala.

Baada ya hapo, miaka mitatu hakuna aliyetaja neno Tukuyu ndani ya nyumba. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa, akatambaa, akatembea, bibi yake hajamshika hata mara moja. Ndugu wa mume wakaanza minong'ono kwamba mimi ndiye ninayewazuia watoto kwenda kwao. Siku moja mwezi wa nne mama mkwe akapiga simu, akasema kwa upole tu, "Mwanangu, huyu mjukuu nitamjua kwa picha mpaka lini?" Baba watoto akakata simu, akakaa kimya muda mrefu.

Mkutano wa usiku

Usiku ule, watoto wakiwa wamelala, nikavuta pumzi nikamwambia, "Mimi naogopa ile barabara. Ile siku nilikuona una usingizi, nikashindwa kukuambia." Nilitegemea atakuja juu. Kumbe naye alikuwa analibeba peke yake. Akaniambia usingizi ulimwanza toka Iringa, ila alishaahidi kufika, akaona aibu kusimama. Yaani wote wawili tulijua, na wote wawili tulinyamaza, watoto wetu wako nyuma!

Basi tukachukua daftari la mkubwa wetu, tukaandika mkataba wetu. Moja: safari ni ya siku mbili, tunalala Iringa. Mbili: jua likizama, gari limesimama. Tangu mabasi ya abiria yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, barabara imechangamka saa zote, na kukutana na taa za basi na lori gizani si jambo la kuongezea na usingizi. Tatu: mimi nina leseni, na siku hiyo nitaendesha. Hapo alikuna kichwa kidogo, lakini akaandika.

Hesabu kabla ya sanduku

Dada zangu, safari nyingi huharibikia kwenye pesa kabla hazijaharibikia barabarani. Tulipiga hesabu hivi: gari letu linakula lita moja kwa kilomita 10. Kilomita 900 ni lita 90, kwenda na kurudi lita 180. Tukaongeza 20 za mizunguko ya kijijini, jumla lita 200. Ukizidisha na bei ya siku hiyo unapata jibu lako. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo subiri tangazo la mwezi wa safari ndipo ufunge hesabu. Bahasha ya pili ilikuwa ya chakula na malazi, ya tatu zawadi za kijijini, na ya nne tuliiandika "isiguswe". Hiyo ndiyo ya gereji au hospitali.

Gari lilikwenda kwa fundi wiki mbili kabla. Ukilipeleka jana yake, tatizo likigundulika utaondoka nalo hivyo hivyo. Tuliangalia breki, tairi zote pamoja na la akiba, taa, maji ya rejeta na betri. Hakikisha una jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi mwanga, kizimamoto na tochi. Halafu muulize baba watoto kama hiyo jeki inafanya kazi kweli. Ya kwetu ilikuwa imekufa siku nyingi.

Kuhusu kukaa, nilikuwa mkali. Mdogo alifungwa kwenye kiti chake cha mtoto siti ya nyuma, wakubwa wakafungwa mikanda. Najua tumezoea kumpakata mtoto mbele. Lakini gari likifunga breki ghafla, mikono ya mama haiwezi kumshika, na akipakatwa mbele ndiye anayeanza kugonga.

Tumbo la mtoto na barabara

Kichefuchefu cha safari kina sababu yake. Macho ya mtoto yakitazama kitabu au simu, ubongo unaambiwa umetulia. Wakati huo huo sikio la ndani linasema tunatembea. Hapo ndipo tumbo linachafuka. Wanaoteseka zaidi ni watoto kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili. Dawa ya kwanza ni kumfanya mtoto aangalie nje, mbali, mbele. Dirisha lifunguliwe kidogo, simu na katuni zikae kwenye mkoba.

Safari hii hakukuwa na chipsi wala soda asubuhi. Walikula mkate mkavu, ndizi mbivu na maji kidogo kidogo. Kama unataka kumpa mtoto dawa ya kuzuia kutapika, muulize daktari au mfamasia kabla ya safari, umtajie umri na uzito wake. Si kila dawa ya mtu mzima inakatwa nusu ikawa ya mtoto. Mimi mkobani niliweka pakiti za ORS, kipimajoto, dawa ya homa ya watoto, plasta, mifuko ya plastiki ya kutapikia, poti, pampasi, taulo mbili na nguo za kubadili za kila mtoto karibu na mkono, siyo chini ya masanduku!

Siku ya kwanza: Dar hadi Iringa

Nguo za safari watoto walilala nazo. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani, foleni haijaamka. Saa mbili na nusu tupo Morogoro, tukakunywa chai, watoto wakakimbia kimbia. Sheria yetu ilikuwa kila baada ya saa mbili gari linasimama, hata kama hakuna anayelia.

Kuanzia hapo tukawapa kazi. Mkubwa alihesabu malori yenye namba za Zambia, Kongo na Malawi. Wa kati akawa mwindaji wa Mikumi, maana barabara kuu inakatisha ndani ya hifadhi kwa kama kilomita 50. Waliona twiga, pundamilia, na nyani waliokaa pembeni kama wanasubiri basi. Punguza mwendo pale, funga vioo, na usiwarushie nyani ndizi hata watoto wakikuomba. Kuna kibao kinachoorodhesha faini ya kila mnyama ukimgonga, na ukikisoma mguu wenyewe unatoka kwenye mafuta.

Ruaha Mbuyuni tulikula mchana, tukanunua vitunguu, watoto wakashindana kuhesabu mibuyu mpaka wakagombana. Kitonga tuliipanda jua likiwaka, tukauona uzuri wake kwa mara ya kwanza. Hatukupita lori hata moja kwenye kona. Wakati wa kurudi, ambapo ni mteremko, tulishuka kwa gia ndogo, maana ukikanyaga breki njia nzima zinapata moto na kukusaliti.

Saa kumi na moja jioni tupo Iringa. Watoto wakaoga, wakala, wakalala. Mimi na mzee tukapata muda wa kukaa wawili tu na chai ya tangawizi. Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa vile Dar.

Siku ya pili: lile neno

Asubuhi baridi ilitukaribisha. Wadada wa Dar, msidanganyike na joto la kwenu! Mwezi wa sita na wa saba Nyanda za Juu Kusini ni baridi ya meno kugongana, na upepo wa Makambako hauna adabu. Sweta, soksi, kofia na blanketi viwe ndani ya gari.

Kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, ukielekea Mbeya, kuna Isimila, mahali palipopatikana zana za mawe za binadamu wa kale, na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji na upepo. Tuliwapeleka watoto kwa saa moja. Mkubwa bado anawasimulia wenzake shuleni.

Tulipofika Mafinga nilishika mkono wa mlango bila kujijua. Baba watoto akaniangalia, hakusema kitu. Tukapita. Mbele ya Makambako, baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali, nikamwona anapepesa macho. Nikawaza, nimwambie? Kabla sijafungua mdomo, akaweka taa ya pembeni, akasimamisha gari pazuri, akanigeukia.

"Mama watoto, nimechoka. Shika wewe."

Mwenzangu, nimeshaambiwa nakupenda mara nyingi, lakini neno lile liliingia ndani zaidi. Tukabadilishana. Yeye akalala fofofo, mimi nikaendesha kupitia Igawa na Chimala, mwendo wa 50 kila penye makazi, mpaka Uyole, pale tunapokata kushoto kwenda Tukuyu. Alipoamka akakuta migomba na mashamba ya chai imeanza kuonekana. Akacheka, akasema, "Kumbe nina dereva ndani ya nyumba."

Mama mkwe alikuwa amesimama uani. Mdogo alipomwona akaangua kilio, akajificha kwenye sketi yangu. Bibi hakulazimisha. Alikaa chini kwenye mkeka, akamenya ndizi taratibu, akaiweka karibu naye. Baada ya dakika kumi mtoto alikuwa mapajani, na kabla ya magharibi yuko mgongoni kwa bibi, amefungwa kanga, amelala. Mama mkwe akanishika mkono akaniambia, "Ndaga, mwanangu." Niliitikia huku machozi yananitoka.

Kabla hujawasha gari

• Gawa njia: zaidi ya kilomita 500 kwa siku na watoto wadogo ni kujitesa.
• Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa juani hata dakika chache, joto linapanda haraka sana.
• Hakikisha kadi za bima ya afya na kadi ya kliniki ya mtoto viko mkobani.
• Weka nafasi ya malazi mapema na uulize kama wana maji ya moto.
• Mwambie mtu mmoja nyumbani mnapitia wapi, na mpigie kila mkifika kituo.
• La mwisho na la muhimu: kubalianeni kabla ya safari kwamba yeyote akisema "nimechoka", gari linasimama. Hakuna kucheka wala kununa.

Sisi mwezi wa kumi na mbili tunarudi tena. Daftari liko mezani, na safari hii ukurasa wa kwanza kauandika yeye.