Mkono Mmoja ni Tano: Hesabu za Bungoma na Kitale

Mtu wa pwani akiingia Bungoma na kuwasikiliza Wabukusu wakihesabu ng'ombe, hapotei. Chibili, chitaru, chine, chirano: mbili, tatu, nne, tano. Hesabu ni ya babu mmoja wa Kibantu, ila sauti zimepishana njiani.

Lakini akisogea upande wa Malakisi, kwa Wateso, mambo hugeuka. Wateso si Wabantu. Tano kwao ni akany, neno lililo jirani na akan, yaani mkono. Sita haina jina lake peke yake. Wao husema akanyape, tano na moja. Saba ni akanyaare, tano na mbili, na nane ni akanyauni, tano na tatu. Kumi ndiyo hupata jina jipya, itomon. Waturkana tunaowakuta mjini Kitale ni ndugu zao wa lugha, nao hupanga vivyo hivyo. Hata mbali kabisa, katika visiwa vya Hawaii, neno lima ni mkono, na pia ni tano. Vidole alivyotupa Mola ndivyo vilivyokuwa daftari ya kwanza.

Wabukusu wana na hesabu ya miaka. Vijana wao hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Miaka ya witiri hupita bure. Marika yao ni manane, nayo ni Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Yakiisha, huanza upya baada ya miaka ipatayo mia. Sisi tunaosali witiri baada ya tarawehe, shufwa na witiri hatuhitaji kufunzwa.

Na hesabu zetu je? Sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu. Kabla yake wazee walikuwa na tandatu, fungate na kenda. Leo kijana akisikia maharusi wako fungate hudhani ni jina la starehe tu. Hajui kuwa ndani yake mna siku saba.

Kukopa si aibu, na maneno ya Kiarabu yametufaa. Hasara ni kusahau ulichokuwa nacho. Mteso akitamka akanyape, bado anauona mkono wake. Basi mzazi anapomfunza mwanawe kuhesabu, akifika tisa, na amwambie pia: hii ndiyo kenda.