Mteja aliniita tapeli kwa sababu ya okidi: hesabu watoto kabla ya kuuza ua

Leo naongea na wale mnaouza maua ya vyungu mtandaoni, hasa mnaotaka kuanza na okidi za kiatu. Ni zile ambazo ua lake lina kifuko mbele, kimekaa kama ncha ya kiatu cha ndani. Jina la kitaalamu ni Paphiopedilum, asili yake ni Asia. Soko lipo, maana picha yake inamsimamisha mtu hata kama alikuwa anapita tu. Ila mimi zilinipa kesi.

Nilichukua vyungu 12 kwa mama mmoja mwenye banda la maua Usa River, vyote vimechanua. Nikapiga picha, nikaposti, wiki 2 mzigo umeisha. Kimoja kilipanda basi kwenda Dar, Tabata, kwa shilingi 70,000. Mteja alifurahi sana. Ua lilikaa karibu miezi 2 bila kunyauka, na hilo ni kawaida kwa okidi hizi.

Baadaye likaanguka. Akasubiri. Mwaka mzima ukapita, majani matupu. Asubuhi moja nafungua simu nakuta jina la duka langu kwenye grupu la wanunuzi, pembeni limeandikwa TAPELI kwa herufi kubwa. Wiki ile sikuuza hata chungu cha 5,000. Watu 3 waliokuwa wametanguliza nusu ya malipo wakataka hela yao.

Nikampigia. "Shikamoo mama. Naomba unipigie picha ya chungu kutoka juu."

"Marahaba. Mwanangu, umeniuzia ua lililokufa."

Picha ilipofika nikaona kosa, na lilikuwa langu. Chungu kilikuwa na fungu moja tu la majani, katikati kikonyo kikavu, pembeni hakuna kitu.

Okidi ya kiatu ni kama mgomba. Kila fungu la majani linachanua mara moja basi, halirudii. Linalofuata kuchanua ni mtoto anayechipua pembeni, naye anahitaji mwaka hadi miaka 2 kukua. Mimi nilimuuzia yule mama mgomba uliokwisha kuzaa, hauna mtoto, halafu nikamwambia utachanua tena "msimu ujao". Sikujua. Nilikuwa nauza picha. Nikamtumia chungu kingine chenye watoto 2, nauli ya basi juu yangu. Hasara nikaila.

Siku hizi nikienda kununua siangalii ua kwanza. Nainama, nahesabu watoto. Chungu chenye fungu moja lililochanua bila mtoto sichukui hata kwa bei ya kutupa. Chenye mafungu 3, moja limechanua na mawili yanakuja, ndicho cha bei ya juu, na mteja namwonyesha kwenye video kwa kidole: hili limemaliza, hili ndilo la mwakani. Hakuna anayelalamika bei akishaona kwa macho.

Mfano wa mgomba nao una hatari yake. Mteja mmoja aliusikia, akachukua kisu akakata fungu la zamani kama anavyofanya shambani kwao. Usikate! Lile fungu linaendelea kumlisha mtoto kwa muda mrefu. Liache mpaka lijikaukie lenyewe.

Jambo la pili ni picha. Zile okidi za kawaida zenye maua mengi kama vipepeo huzalishwa maabara kwa maelfu, zote zinafanana, kwa hiyo picha moja inaweza kuuza vyungu 50. Za kiatu hazikubali njia hiyo kirahisi. Nyingi zinatoka kwenye mbegu, na kutoka mbegu hadi ua ni miaka 3 hadi 5, nyingine zaidi. Ndugu wa tunda moja wanatofautiana rangi na ukubwa. Ukichukua picha ya mtandaoni ukaposti, mteja atapata ua jingine na utarudi kwenye kesi yangu. Mimi napiga picha kila chungu na namba yake.

Sasa kuchanua ndani ya nyumba. Hapa ndipo unapotakiwa kumuuliza mteja anaishi wapi kabla hajalipa. Zenye majani ya madoadoa, kama mseto wa zamani uitwao Maudiae, uliosajiliwa mwaka 1900, zinavumilia joto la sebuleni. Hizo ndizo za Dar. Zenye majani ya kijani kitupu nyingi zinataka usiku wa baridi kwa wiki kadhaa ndipo zitoe tumba. Arusha, Iringa, Mbeya, baridi ya Juni na Julai inawasaidia. Ukiipeleka Kariakoo itakuwa mboga tu.

Mwanga: dirisha la mashariki lenye pazia jepesi. Jua la mchana linaunguza majani. Lakini kona ya giza nayo, majani yanakuwa ya kijani kizito, yanapendeza, na ua halitoki.

Maji ndiyo yanaua nyingi. Okidi hii haina sehemu ya kuhifadhi maji, kwa hiyo isikauke kabisa, na wala isikae kwenye sahani ya maji. Mwagilia asubuhi, pembeni, siyo katikati ya majani. Yakiingia katikati, yanyonye kwa karatasi ya chooni, maana yakilala humo fungu linaoza. Maji ya kisima yenye chumvi yanachoma mizizi, kinga ya mvua. Mbolea robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Na usipande kwenye udongo. Mimi natumia magamba ya paini, yale yanayobaki kwenye mashine za mbao, nayaloweka, nachanganya na vipande vya mkaa. Kila mwaka au miaka 2 nabadilisha, kwa sababu magamba yakioza mizizi inafuata.

Kwenye basi: usimwagilie siku ya safari, kikonyo kifunge kwenye kijiti, zungushia gazeti, boksi litoboe matundu. Chungu chenye tumba lililofumba sisafirishi, mara nyingi linadondoka njiani. Ama ua limefunguka, ama halipo kabisa.

Ukiona mtu mtandaoni anakuuzia kutoka nje kwa bei ya ajabu na anasema zimechimbwa porini, kimbia. Okidi zote za jina hili ziko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, za porini hazifanyiwi biashara ya kimataifa. Hata zilizooteshwa bandani zinahitaji kibali cha mkataba huo na cheti cha afya ya mimea kuvuka mpaka.

Yule mama wa Tabata alifuta ile posti mwenyewe. Mwezi uliopita akanitumia picha, mtoto mmoja ametoa tumba, na swali: "Huyu wa pili mbona kimya?" Nimemwambia asogeze chungu karibu na dirisha.

Wa Tanga na Zanzibar mlioniuliza inbox: chukueni za madoadoa.