UA LA USAMBARA: LIJUE, LIPANDE, LITUNZE

Ndugu msomaji, je, umewahi kupita msituni kando ya kijito, ukaona ua dogo la zambarau limeota juu ya jiwe? Huenda ulilipita tu. Huenda ulilikanyaga. Ua hilo halina harufu kali. Halina urefu. Mbuzi halimshibishi, na dawa yake watu hawaizungumzii sana. Lakini ua hilo linakaa madirishani mwa mamilioni ya nyumba huko Ulaya na Marekani. Watu wa huko hulinunua kwa fedha, hulimwagilia, na hulipanga mezani wageni wakija.

Kwao huko halikuwako. Asili yake ni huku kwetu. Limeota lenyewe Tanzania na Kenya tu, wala si penginepo duniani.

Wajerumani huliita kwa jina la Usambara mpaka leo. Sababu ni hii. Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, mkuu wao wa wilaya ya Tanga alikuwa mtu aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire. Yeye aliliona ua hili karibu na Tanga na katika msitu wa milima ya Usambara. Akampelekea baba yake huko Ujerumani. Baba akampa mtaalamu wa mimea wa mji wa Hannover, jina lake Hermann Wendland. Mwaka 1893 Wendland aliliandika katika vitabu vya wataalamu akaliita Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni jina la yule mkuu wa wilaya. Waliokuwa wakiliona kila siku wakienda kuteka maji hawakutajwa.

Baadaye mbegu zilifika Marekani. Mwaka 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles walizipanda, wakachagua miche iliyo bora, wakaanza kuuza. Tangu hapo wakulima wa nchi nyingi wamezalisha aina maelfu: nyeupe, za waridi, zenye petali nyingi zilizokunjana kama kitambaa. Zote hizo ni wajukuu wa ua la milima yetu. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliweka katika kundi kubwa zaidi la mimea liitwalo Streptocarpus, lakini wauza maua bado wanatumia jina la zamani.

UTALITAMBUAJE?

Usitazame rangi peke yake. Maua ya zambarau ni mengi msituni.

Anza na majani. Majani yake ni manene kidogo, laini, na yana vinyweleo. Ukiyagusa ni kama unagusa sikio la ndama. Kila jani lina kikonyo chake, na majani hujipanga duara kama sahani, karibu na ardhi. Ziko aina nyingine ambazo shina lake hutambaa juu ya mawe, lakini majani yake yana vinyweleo vile vile.

Sasa tazama ua. Lina petali tano. Mbili za juu ni ndogo. Tatu za chini ni kubwa zaidi. Katikati utaona vifuko viwili vya njano, vimekaa pamoja. Hiyo ndiyo alama kubwa. Zambarau kwa nje, njano katikati. Ukichungulia vizuri utaona pia kijiti chembamba kilichoinama upande mmoja, kushoto au kulia.

Kuna ua jingine linalopenda kukaa karibu na maji, ambalo watu hulichanganya na hili. Hilo shina lake limejaa maji na hukatika upesi, na nyuma ya ua lina mkia mwembamba kama mwiba uliopinda. Ua la Usambara halina mkia. Ukiona mkia, endelea na safari yako.

Tafuta mahali penye kivuli, penye mawe na unyevu. Hulipati shambani, wala hulipati kwenye majani ya malisho. Hukaa kwenye kuta za mawe, kingo za vijito, na nyufa zenye udongo kidogo tu. Mara nyingi jiwe lenyewe limefunikwa na vile vimea vidogo vya kijani vilivyo kama zulia. Aina mbalimbali za ua hili ziko Usambara, Uluguru, Nguru, na katika mapango na magenge ya mawe ya chokaa karibu na Tanga. Kenya liko pwani, na iko aina moja ambayo makao yake ni mlima Mbololo huko Taita.

Kwa nini kila mlima una aina yake? Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na hazisafiri mbali. Ua lililozaliwa mlima huu halivuki bonde la joto kwenda mlima ule. Hivyo limekaa mahali pake miaka mingi, likawa tofauti na ndugu zake.

Hapo ndipo hatari ilipo. Likiisha mlimani pake, limekwisha duniani.

MTI UKIKATWA

Mizizi ya ua hili ni mifupi na myembamba. Haiingii ndani kutafuta maji. Inategemea unyevu ulio juu ya jiwe, na unyevu huo unategemea kivuli cha mti mkubwa ulio juu. Kata mti huo mmoja. Jua linapenya. Lile zulia la kijani linakauka na kubanduka, na ua linabanduka nalo. Hukuligusa kwa panga, lakini umeliua.

Hata anayelima iliki chini ya miti mikubwa huenda akadhani hajaharibu kitu, kwa kuwa miti bado imesimama. Lakini akifyeka vichaka vyote na miche yote, miti ile ikizeeka haina warithi. Kivuli kitapungua mwaka hadi mwaka. Simlaumu mkulima, maana iliki hulipa ada ya shule. Ila ni vizuri kujua kwamba kando ya kijito na penye magenge ya mawe si mahali pa kufyeka. Maji ya mto Sigi, unaotoka Usambara Mashariki, ndiyo yanayonywewa na watu wa mji wa Tanga. Kivuli kinacholinda ua ndicho kinacholinda maji hayo.

Basi usiende msituni kung'oa. Katika misitu ya hifadhi, kama ile ya Amani iliyotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira mwaka 1997, huruhusiwi kuchukua mmea bila kibali. Na tena, ua lililong'olewa kwenye jiwe mara nyingi hufa njiani.

KULIPANDA NYUMBANI

Huhitaji mmea mzima. Unahitaji jani moja tu! Kwa ua hili jani huzaa.

Chagua jani lenye afya, la mzunguko wa katikati. Majani ya chini kabisa yamezeeka, na ya moyoni bado machanga. Likate kwa kisu kikali, kisafi, ukiacha kikonyo cha sentimita 3 au 4. Liache kivulini nusu saa ili kidonda kikauke. Kisha chomeka kikonyo katika mchanga safi wenye unyevu kidogo, kiingie sentimita 2 hivi, jani likiwa limelala kidogo. Funika kwa mfuko wa plastiki unaoangaza. Weka kivulini.

Sasa subiri. Watu wengi huharibu hapa, kwa sababu kila siku wanalichomoa kutazama kama limetoa mizizi. Usilichomoe. Mizizi hutokea baada ya wiki 3 au 4. Baada ya miezi miwili au mitatu hivi, utaona vimajani vidogo vikichungulia chini ya kikonyo. Hao ndio watoto. Wakifikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, watenganishe polepole, kila mmoja chombo chake.

Chombo kiwe kidogo. Kopo dogo linafaa. Kifuu cha nazi kinafaa sana. Lakini lazima kitobolewe chini, maji yapite. Udongo wa shambani peke yake ni mzito mno kwa mizizi hii. Changanya mboji ya majani yaliyooza sehemu mbili na mchanga sehemu moja. Ukiwa na vipande vidogo vya mkaa, ongeza kiganja kimoja.

Mahali pake ni barazani, au chini ya mti ambao mwanga hupenya kidogo. Jua la mchana huunguza majani. Lakini giza nalo si kivuli. Ukiliweka gizani litatoa majani marefu, membamba, bila ua hata moja. Pwani kwenye joto, liweke karibu na mtungi wa maji, penye ubaridi. Lushoto na milima mingine mirefu, liingize ndani usiku wa mwezi wa Juni na Julai.

Maji ndiyo yanayoua maua haya nyumbani kuliko kitu kingine. Watu hupenda kumwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Gusa udongo kwanza kwa kidole. Kama bado una unyevu, acha. Kama juu pamekauka, mwagilia polepole pembeni mwa chombo. Usimwage maji moyoni mwa mmea, maana moyo huoza, na ukioza mmea haurudi. Wala usinyunyizie majani maji baridi, yatapata madoa ya kahawia yasiyotoka. Njia nzuri ni kuweka chombo ndani ya bakuli lenye maji kidogo kwa nusu saa, linywe kwa chini, kisha ukitoe.

Mbolea isizidi. Loweka samadi, chuja, zimua maji yake mpaka yawe rangi ya chai nyepesi. Mpe mara moja kwa mwezi. Chunguza pia chini ya majani. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba, vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Konokono huja usiku, kwa hiyo weka chombo juu ya kichanja.

Tangu siku uliyochomeka jani mpaka ua la kwanza, hesabu miezi 8, pengine mwaka.

Na hilo jani la kwanza ulipate wapi? Uliza kwa wenye vitalu vya maua mjini, au kwa jirani aliyenalo barazani. Yale ya vitaluni mara nyingi ni ya uzao wa ng'ambo, yana petali nyingi na rangi kali. Yanakubali kuishi kwa njia hii hii. Ukilipata, lifunge katika kitambaa kibichi, usiliache juani ndani ya basi, na ulichomeke siku hiyo hiyo ufikapo nyumbani.