Königsberg: Manowari Iliyoishia Rufiji

Nguvu za manowari hazipimwi kwa mizinga yake peke yake. Hupimwa pia kwa makaa yaliyomo ghalani mwake, kwa karakana iliyo karibu nayo, na kwa kina cha maji inamoelea. Jambo hili lathibitishwa na habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915.

Ilishushwa majini huko Kiel tarehe 12 Desemba 1905, ikaanza kazi mwaka 1907. Urefu wake ulikuwa mita 115, nayo ilichukua mizinga 10 ya milimita 105. Makaa ya mawe yalichemsha maji ndani ya boila, na mvuke ukasukuma pistoni za injini. Iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914, majuma machache kabla ya vita.

Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa injini katika bandari ya Unguja. Punde si punde injini ya Königsberg nayo ikaharibika, ikajificha Rufiji nyuma ya mikoko. Karakana iliyofaa ilikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo vipuri vizito vilikokotwa na Waafrika wengi kupitia vinamasi na misitu, kwenda na kurudi. Vitabu vya vita hutaja majina ya makamanda. Majina ya wachukuzi hao aghalabu havitaji.

Injini ilipona, lakini Waingereza walikwisha kuiziba milango ya mto. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia, kwa kuwa maji yalikuwa haba. Zikaletwa Severn na Mersey, manowari bapa zilizozama majini chini ya mita 2. Wapigaji mizinga wake hawakuiona shabaha; ndege iliyopaa kutoka Mafia iliwaarifu kwa redio kama kombora limepita mbele, limepungua, au limekwenda upande. Kila kosa likasahihisha pigo lililofuata. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliteketea, na mabaharia wake wakamaliza kuivunja kwa baruti.

Mizinga yake iliopolewa, ikawekwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja wapo umehifadhiwa Ngome ya Yesu, Mombasa. Msomaji atakayeutazama akumbuke kwamba chombo kikosacho fundi na nishati ni chuma tu, hata kiwe kimeundwa kwa ustadi namna gani.